Gome la Upande wa Kwenu

Kabla hujaniuliza kwa nini nilimchukia Shosho Ndinda, yule bibi mzee wa dawa, wacha nikuambie alivyonifanyia mbele ya mteja. Hii si habari ya kuambiwa, mimi mwenyewe nilikuwepo. Mimi ni Nasambu, mzaliwa wa Kimilili, mama wa watoto watatu, na meza yangu ya dawa za miti iko hapa Laini Saba, Kibera, kando ya reli. Siku hiyo nilikuwa namuuzia mzee mmoja gome la muthiga. Muthiga ni ule mti wenye gome kali kushinda pilipili, watu hulitafuna wakishikwa na kifua. Mzee ameshafungua mfuko wa shati, mkono uko ndani, na mimi nimeshaanza kufunga na gazeti.

Shosho akapita. Akasimama. Akaokota kipande kimoja mezani pangu bila hata salamu, akakigeuza huku na huku.

"Mwiitu," akaniita. Kwao Wakamba hilo ni msichana, na mimi nina miaka arobaini na mitatu. "Hiki ulikata na kisu ama uling'oa na meno?"

Mzee akacheka.

"Ona upana wake! Ulikuwa unachukua dawa ama ulikuwa unauvua mti nguo?"

Mzee akacheka mpaka akaanza kukohoa, halafu, wueh, akatoa mkono mfukoni bila kitu, akamfuata Shosho, akanunua muthiga kwa meza yake hapo ng'ambo ya reli. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anasema ukweli, nilikuwa nimekata kipana.

Sasa huyu Ndinda ni nani hata aje kunipima? Ni mwanamke mfupi wa miaka sitini na sita, anaishi Kawangware, na kila asubuhi anakuja Laini Saba kwa miguu akiwa na mwavuli, jua au mvua. Alizaliwa Mwingi huko Ukambani. Alikuja Nairobi akimfuata mume wake, fundi wa mawe. Akakaa naye miaka minne, halafu mume akapata mshonaji wa nguo huko Riruta Satellite, akahamia kwake kimyakimya. Watu wakangoja vita. Ndinda hakupigana. Alikusanya nguo zote za mume zilizopasuka, suruali, mashati, hata soksi, akajaza gunia zima, akalibeba mpaka kwa yule mshonaji, akalitua mlangoni na kumwambia, "Kazi yako ndiyo hii, dada." Kisha akarudi nyumbani akapika. Wanaomjua tangu zamani wanasema alipika kuku.

Baada ya hapo alifulia watu nguo miaka mingi, mpaka maji baridi yakamharibu vidole. Ndipo akarudia kazi aliyofunzwa na mama yake, ya miti. Anajua majani, anajua mizizi, na anajua pia pale dawa yake inapoishia. Ukimwendea na kikohozi cha wiki tatu hakuuzii kitu. "Nenda kliniki wakupime makohozi," anakuambia, "ukirudi na karatasi tutaongea." Nimewahi kumwona akimfukuza mteja na mwavuli, mteja mwenye pesa mkononi. Mimi hapo ningeuza kwanza, ushauri baadaye.

Basi, mwaka juzi watu wanaolinda msitu ulioko juu ya Kibera walichoka nasi. Miti ilikuwa inakufa imesimama. Wakasema hakuna kuingia kuchuma dawa bila kibali, na hakuna kibali kama hujafundishwa na mtu ambaye miti yake haifi. Tukatazamana sisi wauza dawa. Mtu ambaye miti yake haifi alikuwa mmoja tu, na alikuwa na mwavuli.

Tulikuwa wanafunzi watatu. Mimi. Njambi, mama wa Murang'a mwenye meza Kawangware, mtu wa kanisa, ambaye mkoba wake haumtoki kwapani hata akiwa msituni. Na Mutuku, kijana mrefu wa Kibwezi anayeuza dawa huko Soweto East na spika, mpaka watu wa ghorofa mpya wanafunga madirisha. Kama ulifikiri siku ya kwanza tulipewa visu tukaingia msituni, pole. Shosho alitukalisha nyumbani kwake na karai la mihogo. Mwezi mzima tulimenya mihogo. Kazi ilikuwa kutoa ganda bila kukwaruza nyama, kwa sababu, alisema, ukikwaruza mti chini ya gome umeukata mshipa, na hapo hata uombe namna gani, hautavaa gome jipya.

"Shosh, hii si darasa, hii ni jikoni," Mutuku akalalamika.

"Na wewe bado unafeli jikoni," Shosho akamjibu, akamwonyesha muhogo wake uliojaa makovu.

Jioni tulikula ile mihogo na chai. Nikikumbuka vizuri, hapo kidogo nilianza kumpenda, lakini sikutaka kukubali.

Halafu akatufundisha sheria. Usikate zaidi ya upana wa kiganja chako. Kata usawa wa kifua. Ukimaliza, paka kidonda matope yaliyochanganywa na mavi ya ng'ombe, ukifunike chote, mdudu asiingie. Usirudi kwa mti huo mpaka kidonda kijifunge, hata kama ni misimu minne ya mvua. Na kata upande mmoja tu, maana mti huvuta chakula chake kupitia gome, na ukiuzungushia kidonda kote umeukaba shingo.

"Upande gani?" Njambi akauliza.

"Mama yangu alisema upande wa jua kuchomoza."

"Aa-aa." Njambi akakaza mkoba. "Sisi kwetu tunaangalia mlima. Siwezi kwenda kuangalia jua kama sina kanisa."

Wakabishana hapo nusu saa nzima, jua na mlima, mpaka chai ikapoa. Mwishowe Shosho akachoka. "Sawa! Kila mtu akate upande unaoangalia kwao. Hata ukisahau kila kitu nilichokufundisha, hutasahau njia ya kwenu."

Tulipenda hiyo sheria kama nini! Yeye wa Mwingi angekata upande wa jua kuchomoza. Mimi wa Kimilili, upande wa jua kuzama. Njambi akapata mlima wake. Mutuku, upande wa Mombasa. Tukapewa vibali, na kila mmoja akapewa siku yake ya wiki, kwa sababu walinzi hawakutaka tujazane. Yangu ilikuwa Jumanne. Kwa hivyo huko msituni hatukuwahi kukutana hata mara moja.

Miti ya muthiga tuliyoruhusiwa ilikuwa saba, imeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Shosho alituambia tutawanyike, tusizoee mmoja. Nikuambie ukweli? Namba sita iko ng'ambo ya kijito, unavuka kwa gogo lililojaa utelezi. Namba mbili imezungukwa na upupu. Namba saba ina nyani, na wale nyani hawana adabu. Lakini namba tatu, mama! Iko hatua kumi kutoka njiani, si nene sana lakini gome lake limenona, chini kuna kivuli na jiwe la kukalia. Jumanne yangu ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwa namba tatu. Nikakata kiganja kimoja upande wa kwetu. Sawa, kiganja na kidole gumba. Nikapaka matope vizuri, nikakaa kwenye jiwe nikala ndizi yangu, nikajiona mtu mwema sana.

Mvua ya masika ikaja, ikanyesha wiki tatu bila kupumzika. Siku moja asubuhi simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Morris, karani wa kikundi cha msitu, kwetu wote wanne: "Namba tatu imechunwa mzunguko mzima. Majani yanageuka njano. Jumamosi saa tatu wote mfike kwa mti. Aliyefanya hivi nachana kibali chake na asirudi tena. Asipojulikana, nafunga msitu kwa nyote."

Nikasoma mara mbili. Mzunguko mzima! Mimi nilikata upande mmoja. Kwa hivyo kuna mtu alikuja nyuma yangu akamaliza kote. Nani? Kabla sijaweka simu chini nilikuwa na jibu. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeona gunia kwa meza ya Shosho, limejaa mpaka mdomoni, na magome ya muthiga yakichungulia juu. Ametupimia viganja sisi, kumbe yeye anabeba gunia!

Sikukaa. Nilipiga miguu mpaka Kawangware kwa Njambi, na Njambi, mtu wa kanisa, akaniambia hata yeye amemshuku Shosho tangu asubuhi. Nikampigia Mutuku, naye akasema, "Mimi? Aki sijafika hapo. Ni Shosh, nani mwingine ako na hiyo skili?" Tulikuwa watu watatu wasafi kabisa. Niliporudi Laini Saba nikawaambia mama mboga, na mama mboga ukishamwambia hujabakisha mtu. Kufikia Alhamisi wateja walikuwa wanapita kwa meza ya Shosho wakiangalia kando. Ijumaa mwanamke mmoja akamuuliza kwa sauti, "Shosho, ni ukweli wewe ndiye unaua miti?"

Shosho alifunga gunia lake polepole, akachukua mwavuli, akaenda nyumbani saa sita mchana. Hajawahi kufunga saa sita. Kibali kile kikichanwa, kwake hakuna kingine, vidole havifui tena, na umri huo nani atampa kazi? Nilijua hayo yote. Na nilifurahi, sitakudanganya. Nilifurahi kwa muda wa kama saa moja hivi, halafu chakula kikakataa kushuka.

Jumamosi tukafika. Morris alikuwa amesimama chini ya namba tatu na kitabu chake, amenuna. Mvua ilikuwa imeosha matope yote. Nikaenda upande wa jua kuzama, nikakiona kidonda changu, hapo hakuna ubishi, mimi hutumia mkono wa kushoto na kisu changu huenda pembe kila mara. Nikasogea hatua mbili. Kidonda kingine. Upande wa mlima. Nikasogea. Upande wa jua kuchomoza, kimenyooka utadhani kimepigwa rula. Nikasogea. Upande wa jua kuchomoza, kimenyooka utadhani kimepigwa rula.

Nikauzunguka mti tena, nikitumaini nimehesabu vibaya. Sikuwa na haja ya kuambiwa na mtu. Njambi ghafla alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba, kitu cha maana sana, kichwa chote kimeingia. Mutuku alikuwa anatazama matawi juu kama ametumwa kuhesabu ndege.

Shosho alikuja wa mwisho, akivuta goti. Alikwenda kwa kila kidonda, akakigusa na kidole gumba. Kwa changu alikaa sana. Kisha akainua macho akanitazama mimi, si Morris, si mwingine, mimi, na nikajua amejua. Nikatazama viatu vyangu.

"Basi," Morris akasema. "Nani?"

"Mimi," Shosho akasema.

"Wewe? Vyote vinne?"

"Vyote. Nilikuwa na haraka. Andika."

Morris akafungua kitabu, akatoa kalamu sikioni.

Ungefikiri nilishukuru. Nilipaswa kushukuru! Badala yake hasira ilinipanda kutoka kwenye vidole vya miguu. Huyu mama! Wiki nzima nimemsema, nimemharibia jina mpaka kwa mama mboga, na sasa anataka kunisaidia? Ati nikae na hiyo shukrani maisha yangu yote, kila asubuhi nikimwona na ule mwavuli wake?

"Mwongo!" nikapiga kelele, ndege wakaruka. "Mwongo mkubwa wewe Shosho! Nani amekuomba? Wewe hukata kama umepima na rula, utakataje pembe hivi? Hiki ni changu! Morris, andika, hiki kilichopinda ni cha Nasambu!"

"Mwiitu, nyamaza," Shosho akasema chini chini.

"Sinyamazi! Mimi ndiye nilikusema kwa watu! Mimi!"

Njambi akatoa kichwa mkobani. "Ngai," akasema, macho yamelowa. "Hicho cha mlima ni changu."

"Haya basi," Mutuku naye akasema, "hicho cha juu ni mimi. Lakini walai nilikata kiganja moja tu."

"Hata mimi kimoja!" nikasema.

"Changu ndicho kidogo kushinda vyote," Njambi akasema. Na unajua tulifanya nini? Tukaanza kuweka viganja vyetu juu ya vidonda, kupimana nani ameiba kidogo, tukisukumana hapo kwenye mti unaokufa, mpaka Morris akaketi kwenye lile jiwe langu akajishika kichwa.

"Yaani hakuna aliyekosea," akasema. "Kila mtu amekata kidogo."

"Vile tulifundishwa," Njambi akasema, kisha akajiziba mdomo kwa mkono.

Shosho alikuwa anautazama mti. Niliona midomo yake ikihesabu, Mwingi, Kimilili, Murang'a, Kibwezi.

"Niliwapa pande," akasema. "Sikuwapa miti."

"Na hiki cha jua kuchomoza?" Morris akauliza. "Ni chako kweli?"

"Hicho ni changu kweli." Akalishika goti lake. "Namba sita iko mbali."

Alisema kama mtoto aliyepatikana na kijiko ndani ya sukari. Tangu nimjue nilikuwa nimeiombea siku ya kumwona na aibu, na sasa nilikuwa namwona, nikatamani anitukane.

Morris alianza kusema sheria ni sheria, aliyekata ni kutoka, na waliokata ni wanne. Shosho hakumngoja amalize. Alifungua fundo la leso yake, akatoa kibali chake, kile cha karatasi ndani ya plastiki, akakivua ile plastiki, akakichana mara moja, akakichana mara ya pili, akampa Morris vipande mkononi.

"Umesema kuchana ni kimoja. Ndicho hicho," akasema. "Hawa nimewafundisha kukata, kukata wanajua. Waandikie kila mtu mti wake. Si upande, mti. Akiua, ameua wake, na tutamjua."

"Na wewe Shosho utauza nini?" Mutuku akauliza, na sauti yake, ile ya spika, haikutoka vizuri.

"Nitanunua kwenu." Akatutazama mmoja mmoja. "Na nitapima kila kipande mbele ya watu. Msifikiri mmepona."

Morris akafikiri sana, akageuza kurasa, mwishowe akaandika. Njambi hakungoja, akasema namba moja. Mutuku akasema namba tano. Hawakusita hata kidogo, na siwalaumu, ile ni miti mizuri yenye afya.

"Nasambu?"

Nilikuwa natazama namba tatu. Mutuku ni mrefu na mimi ni mfupi, kwa hivyo kidonda chake na changu havikukutana sawasawa. Kati ya vidonda hivyo kulikuwa kumebaki kipande cha gome kinachopita kutoka chini kwenda juu, upana wa vidole viwili. Kidole gumba cha Shosho kilikuwa hapo, kinabonyeza, kinasikiliza kama bado kuna unyevu.

"Tatu," nikasema.

"Tatu haikatwi tena," Morris akasema. "Hata ikipona, labda umri wako wote hutaikata. Hutakuwa na muthiga wa kuuza."

"Kwani nimesema nataka kukata?"

Morris akanitazama, akaandika. Shosho hakugeuka. Kidole kilikuwa palepale kwenye gome.

"Iko maji," akasema. "Kidogo. Nenda ulete matope, mwiitu, yale mazito ya kijitoni. Na usilete yaliyo na mawe, nakujua wewe."

Nikaenda kuchota matope, nikilia na kumtukana kwa pamoja, kwa Kibukusu, ili asielewe.